Maziwa Ambayo Sikuyaandika

Kila Jumamosi mama na mimi tulifika poshomili kabla haijawashwa. Mwenye kinu, mzee aliyetoka upande wa Nyeri zamani akaoa hapa Silibwet, alikuwa amekubali kutufungulia mlango wa nyuma saa moja asubuhi, kabla akina mama hawajaanza kupanga debe zao za mahindi. Mizani yake ilikuwa ile ya chuma ya kupimia magunia. Mama alivua gamboti, akavua sweta, akavua hata kitambaa cha kichwa kana kwamba kitambaa nacho kina kilo zake, halafu akanishika bega na kupanda.

"Simama katikati, mama," mzee alisema. "Hii kitu ukiiegemea inadanganya."

"Hata mimi nikiegemewa nadanganya," mama akamjibu.

Mzee akacheka mpaka akakohoa unga. "Mahindi haiongei hivyo. Mahindi inanyamaza tu, unapima unamaliza."

Kisha akakisukuma kile chuma kidogo kwa kidole, polepole, akageuza uso upande wa ukuta na kutuacha tusome wenyewe. Hilo sitalisahau. Alijua kusoma mizani kuliko mtu yeyote pale sokoni, lakini Jumamosi zote zile hakuwahi kutaja namba ya mama kwa mdomo wake. Mimi ndiye niliyesoma, nikaandika. Siku ya kwanza, mwezi wa tatu, niliandika mia moja arobaini na nane.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili, shule ya kutwa. Nilikuwa mtu wa kunyamaza. Mwalimu akiniuliza swali nilisimama tu, jibu ninalo, mdomo umekataa, mpaka anachoka na kumwita mwingine. Nikifika nyumbani nilikuwa nayaandika yote ambayo ningesema. Nilikuwa na daftari langu la kurasa tisini na sita, nimelificha ndani ya sanduku chini ya sketi ya zamani, na humo nilikuwa mwongeaji kupita watu wote wa kijiji chetu. Kwa hivyo pale hospitali walipouliza nani nyumbani anajua kuandika vizuri, mama alinisukuma mbele.

Ilikuwa hospitali ya misheni. Tulikuwa tumeenda kwa sababu ya mguu wa mama, uliokuwa na kidonda kisichotaka kupona, lakini daktari hakukaa kwenye mguu. Alimuuliza anavyolala. Mama akasema analala amekaa, na mito mitatu nyuma, maana akilala kama watu pumzi inakataa. Daktari akaniuliza mimi kama pumzi yake husimama. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimeiona mara nyingi Jumapili mchana, mama amesinzia kitini baada ya kanisa: anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Kifua hakiendi. Wadogo zangu wawili wanacheza nje, mimi nimesimama mbele yake nimeshika kitambaa cha vyombo, nahesabu. Halafu anashtuka na kuvuta hewa kama mtu aliyetolewa mtoni.

Daktari alichora tumbo kwenye karatasi. Akasema kuna mwenzake, daktari wa upasuaji, mgeni, anayekuja mara moja kwa mwaka, mwezi wa nane, anakaa wiki tatu halafu anarudi kwao. Huyo anaweza kulishona tumbo la mama libaki dogo kama kikombe cha chai, ili ashibe kwa kidogo na mwili upungue. Wengi wamesaidika. Lakini si hivi alivyo. Ini lake limejaa mafuta, limelala juu ya tumbo, na akifunguliwa sasa daktari hataona pa kushona. Tena dawa ya usingizi, kwa pumzi kama hii, inaweza kumlaza moja kwa moja.

"Ukifika mwezi wa nane una kilo mia moja thelathini, nitakuweka kwenye orodha," alisema. "Ukizidi, hapana."

"Na nisipofanyiwa?" mama aliuliza.

Daktari aliniangalia, akaona mimi ni mtoto, akaliangalia tena lile tumbo alilolichora. "Mama, usiulize hiyo. Wewe punguza."

Baba alikuwa amefariki nikiwa darasa la nane. Niliporudi nyumbani siku hiyo niliandika kwenye daftari langu: Miezi mitano, kilo kumi na nane. Halafu nikaandika majina ya wadogo zangu na kuyapigia mstari, sijui kwa nini.

Nesi alitupa karatasi ya masharti iliyopigwa chapa kwa Kiswahili. Ugali kipande cha ngumi moja. Mboga bila mafuta. Chai bila sukari. Hakuna soda, mandazi, chipsi, nyama ya mafuta. Na chini kabisa: kila kinachopita mdomoni kiandikwe. Kwa hilo nilipewa daftari la pili, la hospitali, lenye jina la mama juu.

Niliandika vile mtu anaandika mtihani. Niliandika ugali na ukubwa wake, nikiupima kwa ngumi yangu kwa sababu ya mama ilikuwa kubwa. Niliandika mahindi mawili ya kuchoma siku mvua ilimkuta kituo cha majani ya chai akisubiri lori. Niliandika peremende aliyopewa na mtoto wa jirani. Hata Jumapili ya meza ya Bwana niliandika "mkate mdogo sana, kanisani", na mama alipouona mstari huo nikimsomea alicheka akashika mbavu.

"Sasa umemshtaki hata mchungaji!"

"Imesema kila kinachopita mdomoni."

"Basi andika na hii kicheko."

Mwezi wa nne ulipokuwa ukiisha tulikuwa mia moja thelathini na tisa. Kilo tisa zimeenda. Mzee wa kinu alimpa mama mkono, kama watu wanavyopeana mkono baada ya harusi. Tukirudi, mama alipanda kile kilima cha kwetu na kusimama mara mbili tu, badala ya mara tano. Niliamini. Ninaandika hivyo kwa sababu baadaye nilisahau kwamba kuna wakati niliamini.

Shida ilianza kwa watu kuona. Rinda la kanisani lilianza kumlegea mabegani, na kwetu mtu akianza kupungua hakuna anayempongeza. Walinyamaza wakimwona, wakaanza akipita. Mama mmoja wa kwaya alimshika mkono mlangoni mwa kanisa na kumwambia, "Dada, kama ni ule ugonjwa, usifiche, tutakuombea." Mama alimwambia ni masharti ya hospitali. Yule mama akamfinya mkono zaidi. Ndivyo wote wenye ugonjwa huo walivyosema, kwamba ni masharti ya hospitali.

Maneno yakafika kwa nyanya yangu, mama yake baba, ambaye sisi humwita kogo. Nyumba yake iko ng'ambo ya miti michache tu, boma ni moja. Kogo hakutaka kusikia habari ya karatasi. Alimwangalia mama mabegani, akamwangalia shingoni, akarudi kwake. Wiki hiyo ng'ombe wake alikuwa amezaa. Kuanzia hapo kila siku saa kumi alikuja na kibuyu cha mursik, kile kirefu chenye mshipi wa shanga, akamketisha mama kwenye kigoda nje ya jiko na kumsubiri anywe mpaka chini.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa mursik. Kwa asiyejua, ni maziwa yaliyolazwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, yanakaa siku kadhaa mpaka yanakuwa mazito na machachu, yana rangi ya majivu kidogo na harufu ya moshi. Tunayanywa tangu hatujaota meno. Mgeni akija anapewa kabla ya kuulizwa ametoka wapi. Mtoto akishinda mbio anapewa. Mtu akikataa maziwa ya mwenye nyumba, amemkataa mwenyewe. Na kwetu hakuna anayesema amekula kwa sababu amekunywa maziwa. Unaweza kunywa kibuyu na bado ukaulizwa, je, umekula?

Mama alikunywa. Wakati mwingine mimi ndiye niliyetikisa kibuyu na kumimina. Kisha nilikaa chini, nikafungua daftari la hospitali na kuandika: Saa kumi, hakuna.

Mwezi wa tano tulikuwa mia moja thelathini na tisa. Wiki iliyofuata, mia moja thelathini na nane, halafu tena na tisa. Mwezi wa sita, na tisa, na tisa, arobaini. Mama akaacha ugali kabisa. Alikula mboga na maji. Kizunguzungu kilimshika katikati ya shamba la chai na akakaa chini kati ya mistari, kikapu mgongoni, mpaka jirani aliyekuwa akichuna akaja kumwinua. Jumamosi iliyofuata ilikuwa arobaini tena. Mama alishuka kwenye mizani, akavaa gamboti, akazivaa kinyume, ya kulia kushoto, na hakuona mpaka nilipomwambia.

"Labda mizani imeharibika," nilisema njiani.

"Mizani ya mahindi haiharibikii mtu mmoja."

Aliacha na mboga za jioni. Alikuwa akikaa na sisi tukila, anatuangalia vinywa. Mdogo wangu wa mwisho alimsogezea kipande cha ugali, mama akakirudisha, na mtoto akalia akidhani amekosa. Niliandika yote hayo katika daftari langu la sandukuni. Niliandika: Mungu, anashinda njaa na hapungui, unataka nini kingine.

Mwezi wa saba tulirudi kliniki. Nesi alipima kwa mizani ya stoo ya hospitali. Mia moja thelathini na tisa na nusu. Akachukua daftari, akafungua kurasa, akasoma kwa kidole. Benchi lilikuwa limejaa watu.

"Nani anaandika hii?"

Mama akanionyesha.

"Mtu akila hivi miezi mitatu," nesi alisema, na sauti yake haikuwa ndogo, "huwa tunamleta hapa kwa machela. Huyu mama ako na kilo mia na arobaini. Mimi nimesomea hii kazi, sikuzaliwa jana. Mama, unakula nini ukiwa peke yako?"

"Sili, sista. Nakuapia."

"Na wewe msichana. Unaandika unachoona ama unachoambiwa?"

Nilifungua mdomo. Mwanamume mmoja mwenye bandeji kichwani alikuwa akinitazama. Nikaufunga. Mama alisubiri nimtetee, nilimwona akisubiri, halafu akaacha kusubiri. Nesi akaandika kitu kwa wino mwekundu kwenye kadi na kutuambia zimebaki wiki tano.

Sikuwa na shaka na daftari langu. Hasira yangu yote ilikuwa kwa nesi. Nikafikiri, nitamwonyesha. Nyumbani nikatoa lile la sandukuni, daftari langu la kweli ambalo hakuna mtu amewahi kuliona, niyaweke mawili pamoja, siku kwa siku, nithibitishe kwamba hakuna mandazi wala kipande cha nyama nilichosahau. Nilikaa nyuma ya nyumba, jua la saa tisa, moja goti hili na moja goti lile.

Hospitali: Asubuhi chai bila sukari. Mchana mboga. Saa kumi, hakuna. Jioni hakuna.

Langu, siku hiyohiyo: Leo kogo ameleta mursik, mama amekimaliza kibuyu chote, kogo akamwimbia kidogo, tukacheka.

Siku iliyofuata. Hospitali: Saa kumi, hakuna. Langu: Mursik ya leo imekolea, nimekunywa kikombe, mama amekunywa iliyobaki.

Niligeuza kurasa. Ilikuwa kila siku. Kwa mwandiko wangu mwenyewe, wino uleule. Mahali pengine nilikuwa nimechora hata kibuyu, na zile shanga zake.

Nitasema nilichofanya, maana ndicho kinachoniuma kuliko vingine. Niliyafunga yote mawili na nikakaa kimya siku nne. Nilimwona mama akijinyima hata maji ya kunde, na saa kumi nikamwona kogo akija, nikatikisa, nikamimina. Siku nne. Nilikuwa najua. Sikuwa najua nitaanzaje kusema.

Siku ya tano nilimsomea. Mama alisoma mpaka darasa la tatu tu, kwa hivyo nilimsomea yote mawili, hili mstari, lile mstari, kama majibizano ya kanisani. Alikuwa akichambua maharagwe. Alipoelewa, mikono ilisimama ndani ya ungo.

"Lakini hayo ni maziwa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Maziwa si chakula."

"Karatasi imesema kila kinachopita mdomoni."

Akasema kwa sauti ya chini sana, "Nilikuwa najiuliza ni dhambi gani nimefanya." Kisha: "Sasa nitamwambia nini kogo? Nikirudisha kibuyu chake kimejaa, nitaishi wapi hapa bomani? Mume wangu hayuko. Aliyebaki ananipenda hapa ni yeye."

Kwa hivyo nikafanya ujinga, na ni ujinga ambao ungefanywa na mtu wa boma letu tu. Saa kumi kogo alipoleta kibuyu nilimwambia mama anaoga, nitampa mimi. Nikakipeleka nyuma ya ghala la mahindi, nikakinywa mwenyewe. Kumwaga maziwa sikuweza. Mkono haungekubali, hayamwagwi chini hivi hivi. Nilikunywa kibuyu kizima cha mtu mzima, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tumbo langu lilijaa kama ngoma. Shuleni nilikuwa naomba ruhusa ya choo kwa kuonyesha kidole tu. Jumamosi mama alikuwa mia moja thelathini na saba, na mimi nilikuwa natapika nyuma ya kinu cha mzee wa watu.

Siku ya sita kogo hakuondoka. Alisema atamsubiri mama amalize kuoga. Nilipotokea kutoka nyuma ya ghala na kibuyu kitupu, alinishika kidevu.

"Fungua mdomo."

Mkaa wa mursik huacha vidoa vyeusi kwenye meno na midomoni. Hakuwa na haja ya kuuliza zaidi.

"Tangu lini unamwibia mgonjwa?"

"Kogo, mimi si—"

"Mama yako anakwisha, watu wote wanaona, nami nashinda nikimtafutia nguvu, na wewe, mtoto wa tumbo lake, unakunywa nguvu zake huko nyuma kama mbwa?"

Nilitaka kulia tu. Lakini nikasikia sauti, kubwa, ikitoka kwangu, na ilisema neno ambalo kwetu halisemwi.

"Hayo maziwa yatamuua!"

Kogo aliniachia kidevu. Alidhani nimesema ameyatia kitu. Niliona akidhani hivyo, nikaanza kueleza haraka haraka, ini, mafuta, tumbo dogo kama kikombe, mia moja thelathini, pumzi inayosimama, daktari mgeni, wiki tatu zilizobaki. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Mama alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na kitambaa cha kichwa mkononi, na hakunisaidia wala kunizuia.

Nilipomaliza, kogo alikitazama kibuyu, si sisi.

"Babako alikataa maziwa," alisema. "Wiki mbili kabla ya kuondoka. Alisukuma kibuyu hivi kwa mkono. Hapo ndipo nilijua." Akamgeukia mama. "Sasa mnataka nifurahi ukikataa?"

"Sijakataa, mama," mama akasema. "Nimekunywa yote. Hiyo ndiyo shida."

Kogo akachukua kibuyu na kwenda zake. Kesho yake hakuja. Maziwa alimpa ndama. Tulimsikia akimwita ndama kwa sauti ya juu, ili tusikie.

Wiki tatu hizo mama alipungua kila Jumamosi. Thelathini na sita, thelathini na tano, thelathini na nne. Tulikuwa tukihesabu mpaka nusu. Siku mbili za mwisho hakumeza ila mate yake, kama asemavyo mwenyewe. Na mimi nilikuwa na jambo la kuamua. Daftari la hospitali lilikuwa la uongo miezi mitatu. Usiku mmoja haungetosha kulinakili lote upya na kutia maziwa kidogo tu, lakini jioni mbili zilitosha, na nilianza. Nilinunua jipya, nikaandika kurasa nane safi: Saa kumi, kikombe kimoja. Kilionekana kizuri, kikombe kimoja. Halafu nikakumbuka nesi akiuliza kama naandika ninachoona. Nikaacha. Nikachukua lile la kwanza na kwenye pambizo la kila siku, kwa kalamu ya bluu, nikaongeza: na kibuyu kimoja cha maziwa ya kogo. Kwa kila siku aliyokunywa. Mama hakujua. Sikumwambia.

Daktari mgeni alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono mikavu ya mtu anayenawa kila saa. Nesi alikuwa akitafsiri. Mizani ya stoo ilisema mia moja thelathini na tatu.

Mama alishika ukingo wa meza. "Sista, mwambie ni tatu tu. Mwambie anipe siku tano."

Daktari alisema kitu, na nesi akamwambia mama kwamba tatu si mbaya, tatu daktari anaweza kuzisamehe. Mama akaanza kusema kongoi, kongoi, asante. Daktari alikuwa tayari amevuta daftari. Akaona ile bluu pembeni, ukurasa huu na ule, akamuuliza nesi ni nini. Nesi akasoma. Aliniangalia, na safari hii hakuniangalia kwa ubaya.

"Wewe uliandika hii baadaye?"

"Ndiyo," nilisema. Mdomo ulifunguka bila shida yoyote. "Nilisahau kuyaandika. Alikuwa anakunywa kila siku."

Daktari alifunga daftari polepole. Alieleza kwa muda mrefu, na nesi akatafsiri kwa kifupi. Tumbo atakalolishona litazuia ugali. Litazuia nyama. Maziwa halitazuia, maziwa yatapita tu kama maji kwenye mfereji, na mama atakuwa amekatwa bure, tena kwa hatari ya kufa mezani. Mtu aliyeacha jambo hilo wiki tatu zilizopita hajaliacha bado. Aliache mwaka mzima. Mwezi wa nane ujao atampima yeye mwenyewe.

"Mwaka?" mama akasema. Alisema tena kwa Kiingereza alichokijua, akimtazama daktari moja kwa moja, "Wan yia?"

Daktari akatikisa kichwa kukubali, na akamshika mkono. Mama aliuacha mkono wake ushikwe kama kitu kisicho chake.

Hakuniongelesha njia nzima. Hakuniongelesha siku ya pili. Siku ya tatu, tukiwa shambani, kila mmoja na mstari wake wa chai, alisema bila kuinua macho kwenye majani:

"Kunyamaza ni kazi yako tangu uzaliwe. Mbele ya nesi ulinyamaza, nikaitwa mwongo mbele ya watu. Halafu siku ya kunyamaza imefika, siku moja tu, ndiyo ukapata mdomo."

Nimelifikiria neno hilo kila siku tangu hapo, na sijui kama niliokoa maisha yake au niliyauza kwa sababu ya kutaka daftari langu liwe sahihi.

Jumamosi hiyo nilidhani hatutaenda tena. Saa kumi na mbili na nusu nilisikia gamboti mlangoni. "Twende," alisema. Mzee wa kinu alikuwa amefungua mlango wa nyuma kama kawaida. Alisukuma chuma, akageukia ukuta. Mia moja thelathini na mbili.

Wiki mbili baadaye kogo alikuja saa kumi. Alisimama nje ya jiko, mikono haina kitu. Nilimwona hajui aiweke wapi, akaishika nyuma, akaileta mbele, akaipangusa kwenye leso. Sijawahi kumwona akiingia kwa mtu bila kibuyu. Mama alimletea kigoda. Wakakaa. Hawakuwa na la kufanya na saa kumi yao, basi wakaongea juu ya ndama.

Sasa ni mwezi wa tano wa mwaka uliofuata. Mama ni mia moja ishirini na sita, lakini mguu umevimba na pumzi haijawa nzuri, imekuwa mbaya zaidi. Jumapili iliyopita baada ya kanisa alisinzia kitini. Kogo alikuwa amekaa mlangoni, mimi nilikuwa nakunja nguo. Mkoromo ukakatika. Kogo aliinuka, akaja kusimama karibu yangu, na nikaanza kuhesabu kwa sauti kwa sababu yeye hajui namba zaidi ya kumi na alitaka kuzisikia. Mwezi wa tatu nilikuwa nafika kumi na tano. Nilifika kumi na tano. Nikafika ishirini. Kogo alinishika mkono wa nguo. Ishirini na moja, ishirini na mbili.

Mama alishtuka, akavuta hewa, akatuona tumesimama.

"Mnaniangalia nini?"

"Hakuna," kogo akasema. "Lala."

Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, mpaka mwezi wa nane ni Jumapili ngapi. Nikamwambia kumi na moja. Akaomba nimhesabie tena, kwa vidole, ili aone mahali vidole vyake vitakapoishia.